Wasichana Hawana Kigugumizi

Machi 4

Mvua imeanza leo, na wateja wamekwisha. Ikinyesha tu, watu wote hugundua kwamba kumbe wanaona vizuri. Nimekaa chumba cha nyuma na mashine yangu ya kusagia lenzi, sina cha kusaga, ndiyo maana naandika.

Nijieleze kidogo, ingawa sijui namweleza nani. Mimi ni fundi miwani. Mbele ya duka anakaa Mpimaji, mwenye duka, ambaye kazi yake ni kupima macho na kuongea. Nyuma nakaa mimi, kukata lenzi na kunyamaza. Mgawanyo huu hatukuukalia kikao. Nina kigugumizi tangu utotoni, tena si kile cha kupapasapapasa. Neno likikwama limekwama: taya linakaza, macho yanajifumba, na aliye mbele yangu huanza ama kunihurumia ama kuangalia saa. Wengi hunimalizia. Bingwa wao ni mke wangu, anayeuza vitambaa sokoni na anaongea na wateja watatu kwa mpigo. La kwake atasema, na la kwangu atasema.

Kwenye karatasi hakuna anayenimalizia. Nimeipenda hali hii. Nitaendelea mpaka mvua ikatike.

Machi 7

Fremu mbili, skrubu moja. Mvua.

Machi 8

Jumapili, wote tuko ndani. Wote ni wanne: mimi, mke wangu, mama mkwe ambaye anakaa nasi tangu alipofiwa na mumewe, na binti yetu wa miaka mitano, anayesoma chekechea. Mtoto ana jina la bibi yake, kwa hiyo mama mkwe humwita "somo". Sisi tunamwita Chiriku, kwa sababu akiamka asubuhi mdomo wake huamka kabla ya macho.

Chiriku ana kipaji cha kuiga watu. Anamwiga Mpimaji anavyokohoa kabla ya kutaja bei. Anamwiga mama yake anavyopima kitambaa huku akimsengenya mwenye kitambaa. Mwaka jana aliniiga mimi, taya, macho na kila kitu, na nakiri nilicheka mpaka nikapaliwa chai. Mama mkwe hakucheka. Aliinuka, akaenda chumbani kwake. Nilidhani ananionea aibu. Sijawahi kuwa mkwe wa ndoto zake, hilo nalijua. Yeye ni mtu wa maneno ya mzunguko, ya adabu, hasemi jambo kwa njia ya mkato hata nyumba ikishika moto. Mkwe wa mdomo mzito hakuwa chaguo lake.

Machi 12

Leo mezani Chiriku alikuwa anatusimulia habari ya mwenzake aliyeingiza shanga puani. Akafika kwenye neno "pua" na neno halikutoka. "P-p-p-p." Mkate ukiwa mkononi.

Mke wangu akasema, "We mtoto, mwache baba yako."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mtoto wa kike hana kigugumizi," akasema. "Kigugumizi ni cha wanaume. Huyo anaiga."

Mimi nilikuwa nimemtazama. Akiwa anaiga, macho yake hukimbia huku na huku kutafuta anayecheka. Leo hayakumtafuta mtu. Yalijifumba. Nayajua hayo macho, ninayo.

Nikataka kusema haniigi. Nikaanza: "Ha-ha-ha-hani..." Mke wangu, kwa upendo wote, akanimalizia: "Hanisikii. Kweli kabisa, mtoto hakusikii siku hizi. Haya, nenda ukalale, na chai usimalize."

Chiriku akaenda. Nikabaki na nusu ya neno mdomoni, na nusu niliyopewa haikuwa yangu.

Machi 16

Mke wangu amerudi na habari za chekechea. Kila asubuhi watoto husimama mmoja mmoja, kila mmoja akitaja jina lake na la baba yake. Chiriku amesimamishwa kona siku mbili kwa sababu analitaja jina "kwa mzaha". Mwalimu amenionea huruma mimi. Amesema si vizuri mtoto kumdhihaki mzazi mlemavu.

Mlemavu. Nimesaga lenzi moja mpaka ikawa nyembamba kuliko fremu yake. Imebidi nikate nyingine.

Machi 17

Tena "P-p-p". Tena amegombezwa. Mvua tena.

Machi 20

Mpimaji alikuwa na asubuhi tupu, akaja nyuma kuongea. Amesoma mahali kwamba ubongo wa mwanamke unaendesha lugha kwa pande zote mbili, na wa mwanamume kwa upande mmoja.

"Wao wana injini mbili," akasema. "Moja ikizima, nyingine inavuta. Wewe na mimi injini moja. Yako ina maji kwenye mafuta."

"Na ya-ya-yako?"

"Yangu haina breki."

Nilicheka. Lakini baada ya kuondoka kwake nikabaki nalo lile jambo. Kama ni kweli, basi kila mtu atakayemsikia binti yangu atajua mapema kwamba anatania, kwa sababu injini zake ni mbili.

Machi 25

Nimesema. Nimemkuta mke wangu akikunja nguo, nikainua kiganja kama askari wa barabarani, na kila alipofungua mdomo nikakiinua tena. Nilimwambia mtoto haigi. Nilimwambia kigugumizi kilianza hivyo hivyo kwangu, umri huo huo, na mimi pia niliambiwa nimemwiga mjomba. Nikamwambia mara hii akinimalizia nitalala dukani.

Ilichukua muda kiasi kwamba alikunja shati lile lile mara tatu. Nilipofika mwisho alikuwa analia.

"Nimemnyima chai," akasema.

"U-ume-umemnyima chai."

"Lakini ni wa kike."

Nikaokota mashuka nikamsaidia kukunja.

Aprili 2

Hospitali kuu, jengo la watoto, ghorofa ya pili. Mama mkwe alisisitiza kuja. Alisema anakuja ili daktari athibitishe kwamba hakuna kitu.

Dirishani karani aliuliza jina la mgonjwa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mbele. Badala ya kujibu alifungua mkoba, akatafuta kadi ya kliniki chini ya leso na miwani na peremende, akaisukuma chini ya kioo. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Niliona ni maringo ya kizee.

Mtaalamu wa usemi nilimtarajia mwanamke mpole mwenye sauti ya uji. Tumepata kijana wa kiume mwenye mabega ya mpakia mizigo, amekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kifuani. Chiriku akamwita Jitu papo hapo na yeye akakubali. Walicheza na vigari. Hakumwambia atamke chochote. Alimsikiliza tu, na neno lilipokwama alingoja na uso wake haukubadilika, kama mtu anayengoja lifti na ana hakika inakuja.

Kisha akatuambia ni kigugumizi, hakuna ubishi.

"Lakini ni wa kike," mke wangu na mama yake wakasema kwa pamoja.

Jitu akasema kinapoanza, udogoni, wasichana hawako mbali sana na wavulana kwa idadi. Ukubwani ndipo wanaume wanakuwa wengi mara kadhaa. Wasichana wengi kinawaachia njiani. Kwa nini, hakuna anayejua sawasawa. Wanaopiga picha za ubongo wanaziona njia zinazounganisha sikio na mdomo, na wanaona tofauti hapa na pale, lakini bado wanabishana. Nikamtajia injini mbili. Nilipata tabu kulifikisha hilo neno injini, na yeye akaningoja na mimi, kwa uso ule ule wa lifti.

"Tofauti zipo, baba, lakini watu wanazivuta kama mpira," akasema. "Ukichukua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja barabarani, ubongo hautakwambia nani atakwama." Halafu akaongeza kitu nilichokiandika kiganjani nisisahau: "Na wengine tunahesabu wamepona, kumbe wamejifunza kuficha. Hao ndio wanaonipa shida."

Akauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Wote wakanigeukia mimi. Mama mkwe alikuwa anaangalia dirishani.

Dawa yenyewe: msimmalizie, msimwambie apumue, msimwambie atulie. Ngojeni.

Aprili 4

Nyumba imekuwa ya polepole. Mke wangu anakalia mikono yake. Nimemwona leo ameng'ata kijiti cha kuchokolea meno ili mdomo uwe na shughuli. Chiriku alichukua muda mrefu kuomba sukari, na alipoipata chai ilikuwa imepoa, akaomba ipashwe, ikawa muda mrefu mwingine.

Jambo moja sikulitarajia. Wananingoja na mimi. Jana nilisema sentensi nzima kuhusu bomba linalovuja na ilipofika mwisho nilishangaa kuiona.

Aprili 9

Mvua kubwa. Duka limeingia maji hadi kwenye miguu ya kiti cha Mpimaji. Amepima macho ya mteja akiwa amepanda stuli.

Aprili 15

Nikiwa nambadilisha Chiriku soksi zilizolowa, akaniuliza nitamnunulia lini wembe.

Wembe wa nini?

Wa ndevu. Kwa kuwa kigugumizi ni cha wanaume, na yeye anacho, amefikiri vingine viko njiani. Alikuwa amelichukua jambo hili kwa utulivu kabisa, alitaka tu kujua maandalizi. Nilimwambia hataota ndevu. Akauliza nani kasema. Nikasema mimi. Akaniambia Bibi amesema wasichana hawana, na Bibi ni mkubwa kuliko mimi.

Nilimkasirikia mama mkwe siku nzima. Mtu mwenye adabu zote hizo, na hajui kwamba mtoto husikia.

Aprili 21

Mke wangu amefurahi. Ametangaza kimekwisha. Siku kadhaa sasa Chiriku hakwami. Mama mkwe amesema, "Si niliwaambia," bila furaha niliyoitegemea.

Nami nimefurahi. Naandika hivyo, lakini kalamu inanionea shaka.

Aprili 24

Hajapona. Anapiga chenga.

Nimekaa naye jikoni nikamsikiliza kama ninavyosikiliza mashine, si maneno bali mwendo. Chungwa ndilo tunda analolipenda kuliko yote. Leo alisema, "Nataka lile la mviringo, la kumenya." Mwalimu wake amekuwa "yule wa shule". Rafiki yake mwenye shanga puani amekuwa "yule mwenzangu". Anaona neno likija kwa mbali, anaona kwamba litakwama, anakata kona. Miaka mitano. Mimi nilijifunza hilo nikiwa na kumi na mbili na nilijiona mjanja. Ukilifanya vizuri, hakuna anayejua. Unabaki tu huna maneno yako mwenyewe. Kijana mmoja niliyesoma naye aliagiza soda asiyoipenda mpaka tukamaliza shule, kwa sababu aliyoipenda ilianza na herufi mbaya. Kijana huyo ni mimi.

Nilikuwa bado nasikiliza hivyo mama mkwe alipoingia na kumwambia mke wangu, "Mwanangu, ukitoka niletee ile ya kufulia."

Ile ya kufulia. Sabuni.

Kijiko kilinidondoka.

Aprili 25

Mama mkwe, kwa leo tu: "Yule anayetibu." "Ile siku ya katikati ya juma." "Kule wanakouza vitambaa."

Aprili 27

Miaka saba nimekaa nyumba moja na mama huyu, nikidhani mzunguko wa maneno yake ni uungwana. Sijawahi kumsikia akilitaja jina la mjukuu wake. Sijawahi kumsikia akilitaja lake, ambalo ndilo hilo hilo. Somo, somo, somo. Na kadi chini ya leso, pale dirishani.

Ninaona aibu. Mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyepaswa kusikia.

Aprili 30

Mama mkwe alikuja dukani leo alasiri, mguu wa miwani yake umelegea. Mvua ikamfungia humu. Mpimaji alikuwa mbele akimweleza mteja habari za injini mbili. Nikamkaribisha chumba cha nyuma, nikampa kiti changu, nikaanza kukaza skrubu.

Nilikuwa nimepanga namna ya kulianza jambo, na kama kawaida mpango na mdomo havikuelewana. Nikamwambia tu, "Ma-ma-mama, mimi nikishindwa kusema sa-sabuni, nasema ya kufulia."

Nilikaza skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kukaza.

"Umejua lini?" akasema.

"Juzijuzi."

"Mume wangu hakujua. Nimekaa naye mpaka nimemzika, hakujua."

Akanieleza. Alikuwa mdogo, karibu umri wa Chiriku. Nyumbani kwao alikuwapo kaka yake mwenye kigugumizi, na huyo walimhurumia. Yeye alipoanza, alichapwa. Mtoto wa kike hana kigugumizi, mama yake alisema, unamdhihaki kaka yako. Basi akaacha. Yaani akajifunza kona zote. Alitaka kuwa mwalimu, hakuthubutu, kwa sababu mwalimu husema anachopaswa kusema, si anachoweza. Siku ya ndoa yake alikohoa mpaka wakadhani ana pumu, ili tu asilitaje jina lake mbele ya watu.

Wakati wote huu alizungumza bila kukwama hata mara moja. Ndicho kilichonitisha. Nilikuwa nikimwona anavyokata kona, moja baada ya nyingine, harakaharaka. Mtu mzima anatembea gizani katika nyumba anayoijua.

"Mama," nikasema, "mwa-mwambie mtoto."

Akakunja uso. "Hapana, baba."

"Anadhani atao-o-ota ndevu."

Hapo alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa changu cha kusafishia lenzi. Lakini hakukubali. "Nimekula chumvi nyingi," akasema. "Nisije nikavuliwa nguo uzeeni. Na mwanangu akijua? Yule aliyezaliwa na mdomo wake?" Akavaa miwani, akanishukuru kwa skrubu, akatoka kwenye mvua bila kungoja ipungue.

Sitamwambia mke wangu. Si siri yangu.

Mei 5

Miwani kumi na moja leo, jua limetoka nusu siku. Sina muda wa kuandika.

Mei 11

Shule ya msingi imetoa tarehe. Mahojiano ya darasa la kwanza ni tarehe ishirini na saba. Mzazi haruhusiwi kujibu. Mtoto anataja jina lake kamili, anataja rangi, anahesabu, anasimulia picha. Asiyejibu hurudi chekechea mwaka mwingine, au "hushauriwa shule inayomfaa". Mke wangu alipofika kwenye maneno hayo sauti ilimshuka.

Tulimuuliza Chiriku jina lake, kwa utani. Akasema, "Si mnalijua." Akaenda kucheza.

Mei 14

Jitu amesema tusimshinikize, tumwonyeshe tu kwamba kukwama hakuui mtu. Nilijitahidi. Nilikwama mbele ya Chiriku mezani kwa fahari zote. Akanitazama kwa upole. "Wewe ni baba," akasema. Kwamba mimi ninaruhusiwa.

Mei 20

Chiriku alikuja dukani baada ya chekechea. Alikaa chini ya meza yangu akipanga vioo vibovu kwa ukubwa. Mashine ikinguruma, wala hatukuongea. Nilipoizima akasema hataki shule. Atakaa hapa nyuma na mimi. Hapa hakuna anayeuliza kitu.

Nilimwambia tutaona. Nikaenda chooni nikasimama humo mpaka nikaweza kutoka.

Ninapenda kazi yangu. Lakini chumba hiki nilikiingia kwa kukimbia, na yeye anataka kukiingia kwa kukimbia, akiwa na miaka mitano na kipaji cha kuiga dunia nzima.

Mei 22

Nimemwambia mama mkwe alichosema mtoto. Neno kwa neno, sikuongeza langu. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Baada ya muda akaniuliza tarehe ya mahojiano, ingawa anaijua.

Mei 26

Mvua. Nguo za kesho zimepigwa pasi. Mama mkwe amesema naye anakuja. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mei 27

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, wanne, tumelowa. Paa linavuja na pembeni ya mlango palikuwa na ndoo. Mtoto aliyetutangulia alitoka anaimba herufi. Tukaingia.

Mwalimu mkuu ni mwanamke wa makamo, si mkali, ana miwani iliyopinda upande wa kushoto. Nilitamani kuinyoosha. Alimketisha Chiriku kwenye kiti cha mbele, sisi ukutani.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Chiriku."

"Zuri. Hilo ni la nyumbani. La cheti?"

Ile ilikuwa kona yake ya mwisho na mwalimu alikuwa amesimama mwisho wa kona. Chiriku akaangalia viatu vyake. Niliona taya lake likijaribu, mara moja, kisha likaacha. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilihesabu matone ya ndoo ya nje nikapoteza hesabu.

Mwalimu alingoja, namshukuru, lakini baadaye akachukua kalamu. "Si vibaya," akasema. "Wengine huhitaji mwaka mmoja zaidi. Ni mdogo."

"Mwalimu," mama mkwe akasema, "samahani. Mimi hujaniuliza."

"Wewe ni bibi yake, si ndiyo, mama?"

"Ndiyo. Lakini nina jina."

Akasimama. Mwalimu alitabasamu kama mtu anavyowatabasamia wazee, akasubiri kusikia. Mama mkwe akafungua mdomo, na halikutoka.

Sijawahi kuona kukwama kwa namna ile, na mimi nakujua ndani na nje. Taya lilimkaza, shingo ikatoa mishipa, macho yakajifumba, mkono ukashika mgongo wa kiti cha mtoto. Ile herufi ya kwanza ilikuja, ikarudi, ikaja. Tabasamu la mwalimu likaisha. Mke wangu alimgeukia mama yake, akaanza kuinuka, alidhani ni kiharusi. Nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, nadhani nilimuumiza. Mama mkwe alikuwa na njia za kutokea. Alikuwa na kikohozi, alikuwa na kadi ndani ya mkoba. Hakutumia. Alibaki pale pale na neno lake, mbele ya watu, katika gauni lake zuri, mpaka likatoka. Alilisema lote, la kwake na la baba yake.

Kisha akafungua macho akapumua.

Chiriku alikuwa amegeuka kwenye kiti, anautazama mdomo wa bibi yake.

"B-b-b-bibi," akasema. "Na wewe?"

"Na mimi. Tangu nikiwa kama wewe."

"Na-na-na wewe ni wa kike."

"Tena sana," mama mkwe akasema.

Mtoto alilifikiria hilo. Nilimwona akilifikiria, hakuwa na haraka. Halafu akamgeukia mwalimu mkuu na akaanza jina lake. Lilikwama pale pale lilipomkwama bibi yake. Hakuna aliyesogea. Mwalimu alikuwa ameiweka kalamu chini. Likakwama, likakwama, likatoka, na la baba yake likafuata, ambalo ni langu, na ambalo mimi mwenyewe sijawahi kulisema kwa sauti kubwa kiasi kile.

Rangi alizitaja. Alihesabu mpaka akaambiwa inatosha. Picha aliyopewa ilikuwa ya ng'ombe na mto, na akaisimulia kwa kirefu, akikwama na kuendelea, akamwongezea ng'ombe jirani mbaya na ugonjwa wa meno, mpaka mwalimu akamwomba radhi kwamba nje kuna watoto wengine. Amepokewa. Januari anaanza.

Tulifika getini mvua bado inanyesha. Chiriku alikuwa mbele, anaruka madimbwi. Mke wangu alisimama, akamshika mama yake begani.

"Mama, mbona hukuniambia mimi?"

Mama mkwe alifungua mdomo kumjibu na neno likamkwama tena. Hakulikwepa. Nilimtazama mke wangu. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, amefumba midomo, hakumtafutia neno wala hakumtazama kwa huruma. Alingoja. Nilingoja. Hata mlinzi wa geti, ambaye hakujua kinachoendelea, alingoja.

"Kwa sababu," mama mkwe akasema mwishowe, "we-we-wewe ulikuwa unasema vizuri. Nilipenda kukusikiliza tu."